Maneno Manne ya Mbak Kus

Watu husema nina hasira za karibu. Ni kweli ninazo, na sina mpango wa kuzitibu. Mkiniona napandisha humu ndani, jueni nimeshajizuia sana, kwa sababu dada yangu ameniomba nisiandike matusi.

Dada yangu ni Kusmiyati. Kijijini kwetu, upande wa Klaten kisiwani Java, wote humwita Mbak Kus, yaani dada Kus, hata waliomzidi umri. Anatengeneza tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, kama mama yetu alivyotengeneza, na bibi kabla ya mama. Ukimwona sokoni asubuhi, mfupi, kitambaa kichwani, vidole vimekunjamana kwa maji ya soya, hutamdhania mtu wa vitabu. Kwa miaka mingi hata yeye hakujidhania.

Lakini alipokuwa na miaka kumi na moja aliandika hadithi. Sisemi insha ya shule. Ilikuwa hadithi yenye sura, imejaza madaftari manane, ya msichana aliyeteremka kisimani kufuata ndoo akakuta huko chini kuna mji. Mimi nilikuwa na miaka saba na ndiye niliyekuwa msomaji wake, nikifuata mistari kwa kidole. Aliniambia atakuwa mwandishi, kitabu kitachapishwa na jina lake litakaa juu ya jalada. Jalada alikuwa ameshalichora.

Mama hakujua kusoma. Tempe siku zile ilifungwa kwa jani la mgomba kwa ndani na karatasi kwa nje, na karatasi mama alizinunua kwa kilo, madaftari ya zamani ya wanafunzi. Kwake, karatasi ikishaandikwa imemaliza kazi yake. Siku moja zikampungukia, akakuta rundo kabatini, akashukuru Mungu. Mbak Kus aliporudi kutoka shule, mji wote wa kisimani ulikuwa umeshakwenda sokoni.

Hakulia. Alitoka na sare yake akaenda sokoni kuomba kwa wateja mmoja mmoja, akarudi na kurasa tatu zenye mafuta. Wiki iliyofuata muuza pecel mmoja, zile mboga za mchuzi wa karanga, alikuja nyumbani kuuliza kama yule mtoto alitoka kisimani, maana yeye alipata ukurasa anaoteremka, ule wa kupanda hakuupata. Mama akafurahi. "Unaona, Kus? Watu wamesoma." Na baba akasema, "Haya, umeshachapishwa. Unataka nini tena?" Nyumba nzima ikacheka. Na mimi nilicheka, na hilo sijajisamehe. Mbak Kus hakugusa tena kalamu kwa hadithi kwa miaka arobaini na sita.

Sasa mume wake. Mas Darsono, kaka Darsono kwetu, alifundisha lugha ya Kijawa shule ya sekondari mpaka akastaafu. Nataka nimtendee haki, kwa hiyo nitasema moja: hajawahi kuinua mkono kwa mtu. Hana haja. Kijawa chetu kina lugha ya juu na lugha ya chini, na ukitaka kumpima mtu, unasikiliza anampa nani ipi. "Wewe" ya chini ni kowe. Anaambiwa mtoto, rafiki mliyecheza naye matope, mbuzi aliyeingia bustanini. "Wewe" ya juu ni panjenengan. Hiyo ni ya baba mkwe, ya imamu, ya mkuu wa shule, na katika nyumba za kizamani kama zetu ni ya mume. Mke anampandishia mume, mume anamteremshia mke. Mama alimwambia baba panjenengan mpaka siku tunamfunga sanda, wala sikuona ajabu.

Shemeji yangu lakini, kazi ya kusahihisha lugha za watu hakuistaafu. Siku ya msiba wa mume wangu nimekaa mkekani, macho yamevimba, mzee mmoja akaja kunipa pole nikamshukuru. Mas Darsono akaniinamia sikioni.

"Rum, hicho kitenzi ulichotumia ni cha chini. Kwa mtu wa umri ule si adabu."

Nikamwangalia. Alikuwa anangoja nirudie sentensi. Na mimi mjinga nikairudia.

Na mtu huyo Mbak Kus aliishi naye miaka thelathini na minne, akimpandishia kila neno, kuanzia chai ya asubuhi. Hata akimwambia nzi ameingia kwenye kikombe, alimwambia kwa lugha ambayo nzi mwenyewe angejiona mgeni rasmi.

Alianza kuandika tena akiwa na miaka hamsini na saba. Hakumwambia mtu. Soya ikishachemshwa inabidi ilowekwe, na soya ikilowekwa haihitaji mtu. Saa zile, kati ya kutoka sokoni na kumenya maganda, alikaa kwenye benchi nyuma ya jiko na daftari. Nilimfuma. Nilidhani anaandika orodha ya wateja, nikanyakua, nikasoma mistari mitano, nikakaa chini.

"Usimwambie Pak," alisema. Pak ndiye mumewe.

"Kwani unaiba?"

"Usimwambie tu. Bado makosa yake ni mengi. Ataanza na nukta."

Akaandika miezi kumi na minne. Kila sura niliisoma mimi kwanza, safari hii bila kidole. Ni kitabu cha mwanamke aitwaye Jumilah, mke wa fundi cherehani. Mume si mwovu wa sinema. Ni mtu wa kawaida anayemmaliza mwenzake kidogo kidogo, anachukua sauti yake leo, kesho kuku zake, keshokutwa kiwanja alichoachiwa na mama yake. Na kitabu kizima Jumilah anamwambia panjenengan. Anapoibiwa anasema panjenengan. Anapolala njaa anasema panjenengan. Unasoma unataka kuingia ndani ya kitabu umtingishe.

Halafu sura ya mwisho. Mume amerudi na karatasi za kuuza nyumba, anataka Jumilah aweke dole gumba. Jumilah anafungua mlango na kumwambia maneno manne. Kwa Kiswahili naweza kuyasema hivi: "Kowe, njia unaijua mwenyewe." Kitabu kinaishia hapo.

Nilipofika pale nilirudia kuusoma mstari ule. Nikamwambia Mbak Kus, "Umeliandika kweli hili?" Akasema, "Kitabu kizima nimekiandika ili nifike hapo." Kumbukeni yale maneno manne, maana ndiyo yaliyoibiwa.

Daftari nililipeleka mwenyewe mjini Solo, kwa wachapishaji wadogo wanaoitwa Sekar Kluwih. Mhariri wao ni dada wa miaka thelathini na kitu, Hestu, nywele fupi, anavuta pumzi kabla ya kujibu. Wiki tatu baadaye akapiga simu. Alimwambia Mbak Kus kwamba amesoma vitabu vingi vya Kijawa ambavyo watu wanazungumza kama sanamu, na hiki watu wanazungumza kama watu. Alisema ule mstari wa mwisho ulimfanya atoke nje ya ofisi atembee. Kitachapishwa. Nakala ya kukagua italetwa nyumbani, Mbak Kus asome, asaini kila ukurasa, airudishe ndani ya siku saba.

Ndipo ikabidi Mas Darsono aambiwe. Nilikuwepo. Alishusha miwani, akasema, "Kitabu? Cha nani?" Akaambiwa. Akasema vizuri, lakini angeshirikishwa mapema. Ndani ya siku mbili mtaa mzima ulikuwa umesikia kutoka kwake kwamba nyumbani kwake kuna mwandishi. Alikuwa na furaha, sikatai. Furaha ya mtu ambaye kuku wake ameshinda maonyesho.

Nakala ya kukagua ilifika Mbak Kus akiwa sokoni. Jioni akaikuta imeshafungwa tena ndani ya bahasha.

"Nimeipitia," mumewe akamwambia. "Siku ni saba tu, na wewe una tempe. Palikuwa na makosa madogo ya adabu ya lugha. Nimekusainia."

Na dada yangu akasema asante. Kwa lugha ya juu. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakuifungua ile bahasha, alisema aliona aibu, ingekuwa kama anamkagua. Mkaguzi aliyeona aibu kukagua kitabu chake mwenyewe. Nilitaka kumrushia kitu.

Maboksi yalikuja Jumatano, na uzinduzi ulikuwa Jumamosi, kwenye ukumbi wa kijiji. Tulifungua la kwanza sisi wawili, kwenye meza ya jikoni. Jalada la kijani, na jina lake juu, Kusmiyati, limeandikwa kubwa. Alilipapasa. Nilidhani ataanza na ukurasa wa kwanza. Badala yake akageuza kitabu, akaenda moja kwa moja ukurasa wa mwisho.

Nikaona uso wake unafanya kitu ambacho sijapata jina lake.

"Rum. Nisomee wewe. Labda macho yangu."

Macho yake hayakuwa na tatizo. Pale palipotakiwa kuwa na kowe palikuwa na panjenengan, na maneno mengine matatu yalikuwa yamepandishwa nayo. Jumilah, baada ya kurasa mia moja na themanini na sita za kukanyagwa, anafungua mlango na kumwambia mwizi wake maneno ya kumsindikiza mgeni wa heshima. Msomaji atadhani jamaa anakwenda harusini na mkewe amemkumbusha njia. Kitabu chote kilikuwa kimekatwa kichwa, na kwa heshima zote.

Nilichukua simu. Sikusalimu.

"Mbak Hestu, nani kakupa ruhusa ya kuchezea mstari wa dada yangu? Umesoma mpaka chuo kikuu ili umfundishe mke aliyefukuza mwizi ampigie magoti? Ungeona aibu."

Akavuta pumzi. "Bu Rumini, nami niliona ajabu. Nilisumbuka nao siku nzima. Lakini sahihisho limeandikwa kwa mkono na limesainiwa kwa jina la mwandishi. Nilijiambia ni kitabu chake, ana haki ya kubadili mawazo. Ngoja nikutumie picha."

Picha ikaja. Mstari wa mwisho ulikuwa umekatwa kwa wino mwekundu, kwa rula. Juu yake sentensi mpya kwa mwandiko wa ubaoni. Na pembeni, kwa herufi ndogo, kama kwenye daftari la mtoto wa kidato cha kwanza: *Kosa. Mke hasemi hivi.*

Tuliutambua mwandiko ule sote wawili. Kila kadi ya Idi ya miaka thelathini na minne iliandikwa kwa mwandiko ule.

Hestu alikuwa bado kwenye simu. Alisema hawezi kuchapa upya, lakini anaweza kuandaa kikaratasi cha masahihisho, kibandikwe ndani ya kila nakala kabla ya Jumamosi. Ila lazima ombi litoke kwa mwandishi mwenyewe, na saini iwe yake mwenyewe safari hii. Leo, kabla mtambo haujafungwa.

Nikampa dada yangu simu. Hakuipokea.

"Mwambie tutampigia," alisema. Nikakata, na ndipo akasema, "Acha tu, Rum. Wasomaji wangapi watajua?"

"Mimi nitajua."

"Ameshawaambia walimu wenzake wote. Watakuja Jumamosi. Unataka nimfanyeje mbele za watu?"

"Yeye alikufanyaje?"

"Alidhani ananisaidia."

"Na mama alidhani ni karatasi tupu. Kila anayekufutia kitabu ana sababu nzuri, Mbak. Miaka arobaini na saba unawatafutia watu sababu. Mimi nimechoka, na kitabu hata si changu."

Nilisema na mengine. Nilimwita mwoga. Nilimwambia yeye ndiye Jumilah, tofauti ni kwamba Jumilah alikuwa na mwandishi mwenye moyo. Hapo akanitazama, na nikajua nimevuka mpaka, lakini sikuomba radhi, na mpaka leo sijaomba.

Mas Darsono akaingia kutoka barazani. Pengine alisikia sauti yangu. Hata majirani waliisikia. Alikuwa amevaa shati la batiki jipya, analipima kwa ajili ya Jumamosi. Akaona kitabu kimefunguliwa ukurasa wa mwisho, akatabasamu.

"Umeona pale? Pangekuaibisha. Wote wale watakaokuja ni watu wa lugha. Wangesema mke wa Darsono hajui kumwita mume."

Mbak Kus akasimama. Alikuwa ameshika ukingo wa meza, na sauti ikamtoka ndogo, lakini ilisikika.

"Kowe," alisema.

Naapa kwa Mungu kilichofuata hakikuwa hasira. Ilikuwa mazoea tu. Mwalimu amesikia kosa, mwalimu anasahihisha. Bila hata kukunja uso, kwa upole kabisa, alisema, "Panjenengan."

Akangoja arudie sentensi.

"Kowe," Mbak Kus akasema tena. "Kowe ndiye uliyekata mstari wangu?"

Sasa akasikia. Nilimwona anasikia. Alitazama mlango, kama kuna mtu mwingine ameingia akasema yale maneno. Mkono uliokuwa unafunga kifungo cha shati ukabaki pale pale.

Mbak Kus akaninyooshea kiganja, nikampa simu. Akapiga mwenyewe. Alimwomba Hestu kile kikaratasi, na akamtamkia neno kwa neno kiandikwe nini: ukurasa wa mia moja na themanini na saba, mstari wa mwisho usomwe kwa kowe, kama mwandishi alivyoandika, uliochapwa uliwekwa na mume wake, Darsono, bila idhini yake.

Nilisikia Hestu akivuta pumzi. Alisema, "Bu Kus, kwa desturi huwa tunaandika kosa la uchapaji. Hakuna anayeumia. Nifanye hivyo?"

Mas Darsono alisikia pia. Simu ya dada yangu ina spika ya kuitia watu sokoni. Akapiga hatua moja. Sasa sikilizeni. Sisi Wajawa, lugha ya juu si ya wakubwa peke yao. Tunampa pia mtu tusiyemfahamu, tuliyekutana naye kituoni, ambaye hatujui anaweza kutufanya nini. Na yule mtu, ambaye kwa miaka thelathini na minne alikuwa hajampa mkewe neno lolote ila la chini, alifungua mdomo na kusema:

"Panjenengan, naomba. Kosa la uchapaji. Naomba sana."

Alisema vizuri, kila kitenzi mahali pake. Mbak Kus aliisogeza simu karibu na mdomo. Nilidhani atalegea. Ninamjua dada yangu, namjua anavyolegea, nilishaanza kujiandaa kupokonya simu.

"Mbak Hestu," alisema, "liandike jina lake kamili. Darsono wa hapa kijijini wako watatu."

Halafu akavuta kiti, akamwambia mumewe akae, kwa sababu alikuwa amesimama vibaya, na akaenda kuangalia soya yake.